Ombi la Kisiwa cha Kitungi Kuungana na Papa Potwe kwa Ajili ya Ulinzi

Kisiwa cha Kitungi,
Mafia.
Jumapili asubuhi.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kitongoji, ambaye pia ni Mjomba wangu, Mzee Hemedi,

Shikamoo. Ninakuandikia kwa cheo chako cha kwanza na kukuamkia kwa cheo chako cha pili, ili asitokee afisa wala ndugu wa kusema kwamba nimekiuka itifaki.

YAH: KUSHINDWA KWA MKATABA WETU NA WAVUVI WA DAGO, NA PENDEKEZO LA MSHIRIKA MPYA

Mimi ni Siwema binti Kitwana, mhitimu wa shahada ya uhusiano wa kimataifa, daraja la pili la juu. Nimerejea nyumbani miezi minane sasa, na kwa kuwa ajira bado inanitafuta, nimepata wasaa wa kuchunguza hali ya usalama wa kisiwa chetu. Tunazo kaya thelathini na moja, kisima kimoja cha maji baridi na msikiti mmoja. Jeshi hatuna. Chuoni tulifundishwa kwamba nchi ndogo ina njia tatu za kuishi: kujificha, kunyenyekea, au kujiegemeza kwa mkubwa. Kitungi tumezitumia zote tatu kwa wakati mmoja, na bado tumevamiwa. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Kuhusu uvamizi. Jumanne iliyopita, maji yakiwa yamejaa, mashua ya Nahodha Sudi, ambaye si mtu wa hapa, ilikokota juya, wavu wake mzito wa kuburura, juu ya shamba la mwani la mama yangu, Bi Kijakazi, dada yako wa tumbo moja. Walikuwa wakiwafuata tafi, samaki wanaopenda mwani kama watoto wanavyopenda visheti. Kamba kumi na tisa zilikatika, vijiti viling'oka, na mbegu zilizosalia hazijazi ndoo mbili. Mbegu zikifa, msimu umekufa, na mama hana shamba jingine ila hilo lililo chini ya maji. Ninakuomba uisome sentensi hiyo mara mbili, kwa sababu zinazofuata ni za kitaalamu zaidi.

2. Kuhusu mshirika wetu. Kama unavyojua, tangu enzi za babu, wavuvi wanaotoka bara kila msimu na kupiga dago, yaani kambi ya msimu, ufukweni kwetu hupewa mahali pa kulala na maji ya kisima, nao huahidi kwamba atakayetugusa sisi amewagusa wao. Mkataba huu haukuandikwa. Uliidhinishwa kwa sinia la wali na pweza. Kwa hiyo siku ile ile nilikwenda kambini, daftari mkononi, kudai utekelezaji. Nahodha Shaibu, mkuu wa dago, alinikaribisha kwenye kivuli cha tanga na kusema, "Mwanangu, sisi tumeumia kuliko ninyi." Nilipomwuliza zitatoka mashua ngapi, akajibu, "Leo tunalaani. Kesho, Mungu akijaalia, tutalaani tena." Vijana wake wakaitikia amina kwa sauti ya kutisha kweli kweli; inasikitisha kwamba adui hakuwa karibu kuisikia. Kesho yake alituletea ujumbe wa watu sita kutathmini uharibifu. Walikitathmini chungu cha mama cha samaki wa kupaka mpaka kitako chake kikaonekana, wakaaga.

3. Kuhusu gharama za kulindwa. Walinzi wetu hutangulia kisimani kila alfajiri, na wanawake wetu huteka matope yanayobaki. Mwezi uliopita walimchukua beberu wetu mchana kweupe, kwa hoja kwamba wao ni watani wetu na mtani hanuniwi. Nilipokwenda kulalamika, mmoja wao aliniambia, "Dada msomi, mbuzi hakuibiwa. Ametaniwa." Nilimjibu kwamba mbuzi mwenyewe hakuonekana kucheka. Katika masomo yangu nimekutana na nchi nyingi zinazompa mlinzi wao bandari, anga na viwanja vya kambi. Hazikosekani hata zinazompa beberu na kulazimika kucheka. Ila huko kicheko hicho huitwa tamko la pamoja.

4. Kuhusu taarifa za kijasusi. Uchunguzi wangu, nilioufanya kwa kukaa jirani na wauza barafu, umebaini kwamba Nahodha Shaibu amemwoa dada yake Nahodha Sudi. Mlinzi wetu na mvamizi wetu huhifadhi samaki katika sanduku moja la barafu. Nilipomkabili kwa ushahidi huo, Nahodha Shaibu hakuona haya. Alisema, "Siwema, adui yenu ni adui yangu, ila shemeji ni shemeji." Ninapendekeza kauli hii ichongwe juu ya mlango wa makao makuu ya kila umoja wa kijeshi duniani, ili nchi ndogo ziisome kabla ya kuingia.

5. Kuhusu washirika mbadala. Nimewafikiria watu wa kisiwa jirani cha Chole, lakini wao ni wengi na watatutaka kwanza tuishangilie timu yao ya mpira. Watu wa Bwejuu wana bahari yao ya kuhangaikia. Nilimwandikia hata mzungu mmoja mwenye boti ya watalii, nikimweleza kwamba kisiwa chetu kipo mahali muhimu kimkakati. Alijibu kwa moyo mkunjufu kwamba atatuletea miwani ya kupigia mbizi, jozi nne.

6. Kuhusu mshirika ninayempendekeza. Mheshimiwa, mshirika huyo ni papa potwe, yule samaki mkubwa mpole ambaye watalii huja Mafia kumtazama. Ana urefu wa mashua, hadai maji ya kisima, na hana shemeji. La muhimu zaidi, ana marafiki. Mwaka jana mmoja wao alipokwaruzwa na injini ya boti, hata adhuhuri haijafika, zilikuwa zimekuja boti mbili za doria, wapiga picha wanne na daktari. Mama yangu alipong'olewa shamba alipewa fomu ya kujaza. Kutokana na hayo, ni dhahiri kwamba katika bahari hii kiumbe mwenye usalama kuliko wote ni samaki mwenye madoa. Kwa hiyo ninaomba shamba la Bi Kijakazi litangazwe mara moja kuwa wodi ya wazazi ya papa potwe. Wakulima wote wa mwani wavae kanga za madoa meupe. Na kila mkazi wa Kitungi atambuliwe kisheria kuwa papa potwe wa nchi kavu, mwenye haki ya kupigwa picha kwa umbali tu. Papa mwenyewe hana haja ya kusaini. Kimya chake kichukuliwe kuwa ridhaa, kama ambavyo nchi ndogo zimekuwa zikifanyiwa siku zote.

7. Kuhusu utekelezaji. Mambo haya yanahitaji mtaalamu. Ninaomba kwa unyenyekevu uanzishe nafasi ya Katibu wa Ulinzi na Mambo ya Nje wa Kitongoji, yenye meza, muhuri na kiti kisichoyumba, na uniteue mimi bila kuitisha usaili, ili kuepusha aibu kwa waombaji wengine.

Wasalimie mkeo Bi Umi, wajumbe wote wa serikali ya kitongoji, mwalimu wa madrasa, na mbuzi waliosalia. Nahodha Shaibu msalimie pia, ila usimweleze kilichomo humu.

Ninabaki kuwa mtiifu kwako, kwa katiba na kwa damu,

Siwema binti Kitwana, mhitimu.

Nyongeza, jioni ya siku hiyo hiyo: Nilipokuwa natafuta bahasha, Nahodha Sudi alirudi kuwafuata tafi waliobaki. Tamaa ilimchelewesha, maji yakatoka, na mashua yake ikakaa mchangani katikati ya shamba. Mama na wanawake wenzake kumi na mmoja walitembea mpaka hapo, wakaketi juu ya juya lake, wakatoa ukili wa mikeka wakaanza kusuka. Hakuna aliyetukana. Mama alimwambia tu, "Karibu, mwanangu. Maji hayarudi mpaka saa nane. Vijiti vile pale, nyundo hii hapa." Nahodha Shaibu alifika mbio na dago zima kumwokoa shemeji yake, naye akapewa nyundo. Wanawake wakachanga mbegu, kila mmoja fungu kutoka shambani kwake, na kabla maji hayajarudi kamba zote kumi na tisa zilikuwa zimefungwa upya. Kwa hiyo hoja ya kwanza imekwisha, na ya pili hadi ya sita hazina kazi tena. Papa potwe hakushirikishwa.

Kuhusu hoja ya saba, mama ameamua kuchukua fomu ya kugombea uenyekiti wa kitongoji. Nilimkumbusha kwamba atashindana na kaka yake. Akasema, "Mwambie namsalimu sana. Shamba langu limelala siku tano, na kutoka kibarazani kwake mpaka ufukweni ni hatua mia mbili." Fomu yake ninaijaza mimi, hivyo tafadhali liondoe ombi langu la kazi katika ofisi yako.