Herode Asiyepiga Kelele

Jumatatu, 9 Desemba 1974
Kosa la watu wengi wanaotazama sinema ni kumtazama anayepiga kelele. Juzi mhubiri mgeni alileta mashine yake hapa Kathonzweni. Tukaziba madirisha ya ukumbi wa kanisa kwa magunia. Sinema ya Kimarekani, ya zamani, isiyo na rangi. Jaji mzee anasomewa barua: mwanawe amekufa vitani. Halii. Anavua miwani, anaikunja, anaitia mfukoni. Mara ya kwanza anaukosa mfuko. Basi. Huo ndio uigizaji! Nzomo, fundi wa baiskeli, akauliza kwa sauti kama mzee huyo amesikia habari au bado.

Na huyu Nzomo ndiye Herode wetu katika igizo la Krismasi, mwaka wa sita sasa. Ananguruma mpaka watoto wanajikojolea. Safari hii igizo, na Herode wake, litapelekwa Matiliku, Mwaka Mpya, mbele ya makanisa yote. Herode huyo nitakuwa mimi. Miaka thelathini ya ualimu haikuwa bure.

Jumatano, 11 Desemba
Nimemweleza Mchungaji Muthama sanaa ya kutulia, saa moja na nusu. Akauliza Herode wa kunong'ona atamtisha nani. Nikageuza njia. Nikasema koo kama la Nzomo ni kipawa cha Mungu, ni dhambi kumpa Herode. Liwe la Malaika, nyuma ya pazia. Mchungaji akakubali. Nzomo karibu alie kwa furaha. Alinishika mikono yote miwili, akaniita ndugu. Nilijisikia vibaya kidogo. Ikapita.

Jumamosi, 14 Desemba
Mazoezi nyumbani. Chakula cha jioni, muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, bila chumvi. Sikusema neno. Niliinua nyusi moja, nikasubiri. Mke wangu Syombua akaniletea karafuu ya jino. Siku ya tatu sasa nakula bila chumvi. Karafuu ninazo sita.

Jumapili, 22 Desemba
Kiema alisimama kutoa ushuhuda, akakwama katikati. Kama kawaida, Mama Kasyoka akaanzisha pambio, kina mama wakapokea, Kiema akaketi bila aibu. Desturi nzuri sana. Sikuwaza zaidi.

Jumatano, 25 Desemba
Kanisa limejaa hadi madirishani. Mamajusi wakaniambia mfalme amezaliwa. Nikashusha kikombe polepole. Nikakitazama. Nikafumba jicho, nikafumbua. Ndani yangu Bethlehemu nzima ilikuwa inaungua!

Watu wakasubiri maneno yangu. Kisha Mama Kasyoka, kwa huruma: "Msaidieni Mwalimu, amesahau." Akaanzisha pambio.

Beti tatu, na makofi. Nikatulia zaidi, waone kwamba sijasahau. Wakaongeza ya nne. Muthoki, muuguzi wa zahanati, akapanda jukwaani kunipima mshipa. Ndipo nyuma ya pazia Malaika akashindwa kuvumilia. Nzomo akanguruma maneno yangu yote, mpaka la mwisho, mimi nikiwa nimeketishwa na kupewa maji. Watoto wakalia. Vigelegele. Mchungaji akatangaza hapo hapo kwamba Nzomo ndiye atakayekwenda Matiliku.

Nyumbani Syombua akasema, "Baba Kavata, hata mimi nilidhani umepooza."

Ijumaa, 27 Desemba
Nimechunguza kosa. Ni lile jicho. Nilizidisha. Yule jaji asingefumba jicho zima. Nusu ingetosha, na kikombe nisingekigusa kabisa.

Nzomo amekuja kunishukuru. Anasema bila ukimya wangu asingesikika vizuri vile. Amemwomba Mchungaji nami nisiachwe, kwa hiyo Matiliku nitakuwa mchungaji wa kondoo, yule anayelala tangu mwanzo hadi mwisho. Hajui amenipa nini! Hakuna aliyewahi kulala jukwaani kama nitakavyolala mimi.

Syombua ameita, muthokoi uko tayari. Leo nafunga mdomo, nainua nusu ya nyusi, nasubiri chumvi.