Madirisha Marefu ya Mkurugenzi

Idara ya Uendelezaji wa Mwonekano wa Makazi inapenda kuutangazia umma kwamba hakuna kiongozi yeyote aliyefungiwa ndani ya nyumba yake pale Soga. Habari zinazozunguka kwenye makundi sogozi kuanzia Ruvu hadi Kisarawe mjini ni za kupotosha. Mimi, Zubeir, Afisa Mahusiano wa Idara, nilikuwepo tangu mwanzo, na hakuna lolote lililofanyika nje ya utaratibu.

Mkurugenzi wetu, Mheshimiwa Leodegar, alipoanza kujenga, alikuwa na maono. Aliagiza madirisha ya kioo kuanzia sakafuni hadi darini, pande zote nne, bila nondo hata moja. Fundi akauliza, "Bosi, na wezi je?" Mkurugenzi akamweleza kwamba mwizi akishaona kila kitu akiwa nje, hana tena sababu ya kuingia. Fundi akachukua futi yake, akaendelea kupima. Nikaandika kwamba ameafiki.

Vioo vilipowekwa ikajitokeza changamoto ndogo: watu walimwona. Kwa miaka mingi mwananchi mwenye shida alikuwa akija nyumbani, anaambiwa kistaarabu kwamba Mkurugenzi hayupo, anaondoka zake. Sasa anapiga hodi, natoka, namwambia hayupo, na yeye anamtazama Mkurugenzi kwenye kochi anakula embe. Mmoja alimpungia mkono. Mkurugenzi, kwa malezi mema aliyolelewa, naye akapunga. Heshima ya Idara ilitikisika.

Kamati iliundwa, ikajifungia hotelini, ikatoka na jibu: mapazia ya nje. Si ya kitambaa. Haya ni mabapa ya aluminiamu yanayoshuka kwa umeme upande wa nje wa kioo, yakazuia jua la Pwani na macho ya wananchi kabla havijafika ndani. Kwa ajili ya dharura kuna mpini wa kuzungusha kwa mkono. Ulizuka mjadala mpini ukae wapi, na ni mimi niliyetoa hoja kwamba kwa kuwa pazia ni la nje, mpini nao uwe nje. Nilipigiwa makofi.

Wakati huohuo Idara ilikuwa ikiendesha Operesheni Nyumba Isiyo na Mtu, ambayo Mkurugenzi aliitunga mwenyewe. Utaratibu wake ni mwepesi. Khalfani, mpiga alama wetu, anafika na kopo la rangi nyekundu na kupiga hodi mara tatu. Kisha anamuuliza jirani. Jirani akisema mwenyewe hayupo, nyumba inahesabiwa haina mwenyewe. Inapigwa X, na Jumatatu katapila linakuja.

Ndivyo ilivyopigwa X nyumba ya Bi Mwamini, mjane anayekaa ng'ambo ya uwanja wa Mkurugenzi. Alikuwa amekwenda Maneromango kumzika dada yake. Alirudi macho yamevimba kwa kilio, akakuta ukuta wake mwekundu. Mwenye uwezo wa kuifuta X alikuwa mtu mmoja tu, kwa hiyo akawa anakuja kila siku.

"Hodi hapa."

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mkubwa wako yupo?"

"Hayupo, mama."

"Mbona mapazia yako chini? Akitoka si huwa yanapandishwa?"

Haya ndiyo maswali yanayorudisha nyuma maendeleo. Nililifikisha kwa Mkurugenzi, naye akaagiza mapazia yakae chini moja kwa moja, awepo asiwepo, na asiyapandishe mtu. Mkewe, Mama Margareth, akasema yeye si mkate wa kuokwa, akabeba begi lake akaenda kwa dada yake Maili Moja.

Jumamosi umeme ukakatika. Milango ya nyumba ile nayo ni ya vioo na ina mapazia yake; mlango wa jikoni kamati iliufuta kwenye ramani kwa kukosa usasa. Nilikuwa barazani, Bi Mwamini amekaa kwenye ngazi kama kawaida yake, niliposikia sauti kutoka ndani.

"Zubeir! Simu imeisha chaji! Vioo vyote nimefungua na hewa hakuna! Zungusha mpini nitoke!"

Nilitafakari. Agizo nililokuwa nalo lilisema mapazia yasipandishwe, na kila anayeuliza aambiwe Mkurugenzi hayupo. Halikusema isipokuwa akiuliza yeye.

"Mkurugenzi hayupo," nikajibu.

"Ni mimi, mjinga wewe!"

"Unaweza kuacha ujumbe."

Hapo akafika Khalfani na kopo lake, kumalizia nyumba ya mwisho ya mtaa, yaani hii. Akapiga hodi mara tatu. Ndani kukajibiwa, "Nipo! Nipo!" Khalfani akanigeukia.

"Oya Zubeir, hiyo sauti ya nani?"

"Haijatambuliwa."

Basi akafuata utaratibu. "Shikamoo, mama. Mwenye nyumba yupo?"

Bi Mwamini akaweka mtandio wake vizuri. "Mimi nimeambiwa hayupo, baba. Kila siku naambiwa. Mtu wa ofisi huyo hapo, muulize."

Khalfani akachovya brashi, akapiga mstari mmoja kwenye pazia. Mstari mmoja kwa kanuni zetu bado si X.

"Bi Mwamini!" Sauti ilikuwa imeshuka cheo. "Mama yangu, waambie nipo!"

"Hata mimi nilikuwepo, mwanangu. Nilikwenda kuzika tu. Vyungu vyangu viko ndani, kuku wangu wako uani, nguo nimeanika kambani. Ulitaka uone nini ndio ujue pale pana mtu?"

Hapo niliacha kuandika, jambo ambalo halimo katika majukumu yangu.

"Khalfani, futa X ya Bi Mwamini!" sauti ikaagiza kutoka ndani.

"Nani anaagiza?" akauliza Khalfani. "Mwenyewe si hayupo?"

Bi Mwamini akainuka kwenye ngazi, akasogeza sikio kwenye pazia. "Yupo, baba," akasema. "Sasa nimemtambua."

Neno la jirani linatosha. Khalfani akavuka uwanja na tambara la mafuta ya taa, akausugua ukuta mpaka X ikatoka. Bi Mwamini akashika mpini, akauzungusha mara moja. Pazia likapanda kiasi cha kiganja. Akauachia.

"Mbona unaacha, mama?" sauti ikalia.

"Langu limekwisha. Wenzangu nimeshawapigia simu, wako njiani."

Kweli, bodaboda zilikuwa zinaingia moja baada ya nyingine, zimebeba watu wa X kutoka Ruvu na vijiji vyote. Kila mmoja alitaja nyumba yake, Mkurugenzi akaagiza ifutwe, na mwenye nyumba akazungusha mpini mara moja. Na kwa kuwa madirisha yale yanaanzia sakafuni, umma ulianza kumwona kiongozi wao kwa chini. Zikaonekana kandambili, kisha magoti. Kisha ikaonekana kanga ya Mama Margareth, yenye maua ya pinki, ambayo Mkurugenzi alikuwa amejifunga kwa sababu ya joto.

Pazia lilipofika kiunoni, X zikaisha. Hakukuwa na mwenye sababu ya kuendelea kuzungusha, na mimi agizo langu lilikuwa halijatenguliwa. Mkurugenzi akapiga magoti, akapita chini ya pazia kwa kutambaa, kanga ameishika kwa mkono mmoja, mpaka akafika miguuni pa Bi Mwamini.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu nje."