Kamati ya Kulinda Macho ya Taifa

Napenda kuutangazia umma kwamba Kamati ya Bunge ya Kulinda Macho ya Taifa imemaliza kazi yake kwa mafanikio makubwa, na mwenyekiti wake sasa anapumzika. Mimi ndiye katibu. Kila neno la kamati nililiandika mwenyewe, kwa hiyo ukisikia mengine mtaani ni porojo.

Tuliundwa kwa sababu ya kile kipindi cha televisheni cha Beirut. Vijana kumi na sita, wa kike na wa kiume, wanafungiwa nyumba moja yenye kamera mpaka jikoni, wanafundishwa kuimba, na kila Ijumaa watazamaji wanapiga kura kwa simu, mmoja anatolewa. Wasomi wakaandika gazetini kwamba huo ndio usasa. Mashekhe wakasema hicho ni Kiama. Serikali ikasema iundwe kamati.

Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Mutlaq, ambaye sote tunamwita Abu Nayif kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mbunge vipindi vitatu, na adui namba moja wa muswada wa kuwapa wanawake kura. Hoja yake ilikuwa moja tu, lakini nzito: mwanamke ukimpa majina mawili achague moja, anachanganyikiwa. Mkewe, Umm Nayif, mwalimu mkuu mstaafu, alimwomba mara moja aunge mkono ule muswada. Akamwambia asijichoshe na mambo ya wakubwa. Mama wa watu lilimuuma.

Vikao vilifanyika barazani kwa Abu Nayif, maana televisheni ya bunge haikuwa ikishika Beirut. Ili tusikose ovu hata moja, tulitazama kwa zamu, kwa tende na kahawa ya iliki. Wiki ya tatu wajumbe wakaanza kugoma kuachiana zamu. Wiki ya tano tukathibitisha kitaalamu kwamba Bandar, kijana wa nchi yetu, anaimba kuliko wote, na yule wa nchi jirani anakwaruza kama mlango wa zizi. Na bado jirani akawa anaongoza.

Hapo likawa suala la heshima ya taifa. Abu Nayif akapiga hesabu ya wanaume wote wa kabila letu. Hawakutosha.

"Wanawake wana simu?" akaniuliza.

"Wanazo, Mheshimiwa. Hata mama yako mzazi anayo."

"Basi wapige kura."

Nikamkumbusha, kwa heshima zote, ile hoja ya kuchanganyikiwa. Akanitazama kama niliyekanyaga zulia na viatu. Akasema hii si kura, hii ni vita.

Ukatoka Waraka Namba Saba, na Umm Nayif akapewa kazi ya kukusanya kura za wanawake. Sisi kabila letu lina utaratibu wake: kabla ya uchaguzi wa serikali, wanaume hukutana barazani wakachagua mgombea mmoja, ili kura zetu zisigawanyike. Abu Nayif alimfundisha mkewe utaratibu wote: orodha za mitaa, kiongozi kwa kila nyumba kumi, namna ya kumbembeleza mbishi. Umm Nayif aliandika kwenye daftari na kuuliza maswali mengi. Mzee alifurahi sana kuulizwa.

Bandar akashinda. Mji mzima ukapiga honi. Abu Nayif akaniamuru niandike ripoti, nami nikaandika kwa kalamu ya kujipendekeza: "Wanawake wa taifa hili wamepiga kura kwa nidhamu na busara iliyowapita wanaume." Akaisoma mara mbili, akasaini, akaipeleka bungeni mwenyewe.

Wiki mbili baadaye muswada ukaletwa. Abu Nayif akasimama kuupinga kwa ile hoja yake. Waziri akaifungua ripoti, akaisoma polepole mpaka kwenye sahihi. Wabunge walicheka hadi spika naye akaficha uso kwa makaratasi. Muswada ukapita, na mimi siku ile nilitamani ardhi ipasuke.

Lakini Abu Nayif si mtu wa kukata tamaa. Uchaguzi ulipoitishwa, alichinja kondoo wanane, akaliita kabila barazani limteue kama kawaida. Wanaume walikuja, wakala wakashiba, ila hakuna aliyemtazama usoni. Ikabidi niulize. Kumbe uteuzi ulishafanyika tangu Jumanne, ng'ambo ya ukuta, sebuleni kwa wanawake, na waume wote, isipokuwa Abu Nayif, walishaelezwa na wake zao; mimi sina mke.

Mlango wa ndani ukafunguliwa. Umm Nayif akaingia barazani, mahali ambapo mwanamke hajawahi kukanyaga wanaume wakiwepo, daftari mkononi. Akaniambia nikae niandike jina la mgombea wa kabila. Lilikuwa lake. Nikaandika, kazi ni kazi.

Abu Nayif alibaki na tonge mkononi. Nilimwonea huruma, kusema kweli.

"Na mimi?" akauliza.

"Wewe utapiga kura tu, Abu Nayif," akamjibu kwa upole. "Majina yatakuwa mawili. Ukichanganyikiwa, wasichana watakuelekeza."