Kikaango cha Kamati ya Utambuzi wa Chewa

"Nauliza tena, samaki wangu yuko wapi?" Mjomba alikuwa ameshaegemea meza ya Mkurugenzi kwa mikono yote miwili.

"Na mimi nakujibu tena, bwana mvuvi. Samaki amethibitishwa."

"Amethibitishwa ndiyo yuko wapi?"

Mkurugenzi akajifuta midomo kwa leso. Swali lilikuwa la kitaalamu, na mjomba si mtaalamu, ni mvuvi tu wa miaka thelathini, kwa hiyo acha mimi karani niwaeleze.

Ofisi yetu ndiyo mlinzi wa chewa wote walioko baharini, wakubwa kwa wadogo, wanaojua na wasiojua. Chewa wanapungua, hilo halina ubishi. Ndiyo maana tumepiga marufuku mtu kumaliza zaidi ya chewa ishirini kwa mwezi. Ukizidisha, vifaa vyako vinabebwa. Mjomba alikamatwa na ishirini na mmoja. Akabisha kwamba yule mmoja si chewa, wamefanana sura tu.

Hapo ndipo inapoingia Kamati ya Utambuzi, yaani Mkurugenzi, naibu wake na dereva. Kamati haikurupuki. Inamtambua samaki kisayansi, kwa kumkaanga, maana sura inadanganya lakini ulimi haudanganyiki. Jiko liko nyuma ya kabati la mafaili. Samaki wa mjomba alitambuliwa Jumanne ya wiki iliyopita, saa saba mchana, kwa ndimu. Alikuwa chewa. Wajumbe wote waliafiki. Dereva aliafiki mara mbili.

Basi wavu wa mjomba ukafungwa kamba na kutupwa kona ya ofisi, na nyumbani kwetu ikawa wiki ya pili ya chai kavu. Hilo sikulitaja. Kazini mimi simjui mjomba, namwita mteja.

Mteja akanigeukia. "We mpwa wangu, hilo daftari la nini?"

Nikamweleza kwa fahari. Samaki akishathibitishwa, nafuta jina la mvuvi na kumwandika samaki huyo kwenye hesabu ya Kamati, ili taarifa ya mwaka inenepe na Mkurugenzi apande cheo.

"Kwa hiyo yule si wangu tena. Mimi nina ishirini."

"Ishirini kamili, mteja."

"Na Kamati mwezi huu inao wangapi?"

Mkurugenzi akanikonyeza. Nikajua ananitia moyo. "Thelathini na wanne," nikasema, "na mmoja yuko jikoni."

Kweli harufu ilikuwa imeshatapakaa.

Mjomba hakupaza sauti tena. Akaenda kwenye bango letu ukutani, akasoma kwa kidole: yeyote atakayemaliza zaidi ya chewa ishirini kwa mwezi, vifaa vyake vyote vichukuliwe papo hapo na mwananchi yeyote aliye karibu.

Mkurugenzi akasema hiyo inawahusu wavuvi. Lakini ni yeye aliyebishana wiki nzima na mwanasheria liandikwe neno "yeyote", wavuvi wasije wakajificha nyuma ya wake zao. Na hao wananchi walio karibu ndio aliowaita ulinzi shirikishi. Kwa ajili yao alisafiri kwenda semina mbili.

"Mimi niko karibu," mjomba alisema.

Akabeba wavu wake begani. Akazunguka kabati, akachukua jiko, chupa ya mafuta, chumvi, ndimu mbili na uma tatu, moja akaitoa mkononi mwa dereva. Vyote akavitia ndani ya wavu. Kikaango alikishika kwa leso ya Mkurugenzi, maana kilikuwa cha moto.

"Sasa sisi tutawatambuaje chewa?" Mkurugenzi aliuliza, na kwa mara ya kwanza aliuliza kama mtu mwenye njaa.

"Kwa macho, mkubwa. Kama sisi."

Samaki hakumchukua. Alimlaza juu ya faili lililokuwa wazi mezani, upande mmoja umeiva na mwingine mbichi, kwa kuwa bado hajathibitishwa. Naibu akauliza kama nusu samaki anahesabika. Nikaliandika swali hilo daftarini.

Mjomba akatoka, akafunga mlango taratibu, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.