Kamati ya Salamu Zisizomuumiza Mtu

Watumishi na wananchi wote wanaarifiwa kwamba ofisi yetu imekuwa ya kwanza kuidhibiti Krismasi.

Mimi ni katibu wa Kamati ya Salamu Zisizomuumiza Mtu, na nayaandika haya kwa unyenyekevu, baada ya kusali. Ofisini tuko watu wa dini mbalimbali. Miaka yote tumeishi bila kugombana, jambo ambalo Mkurugenzi aliliona la hatari, kwa kuwa halikuwa na utaratibu. Ndipo akatoa waraka: mtu asimwambie mwenzake "Heri ya Krismasi" kabla ya kujaza Fomu ya Dini na Ridhaa, nakala tatu, siku kumi na nne kabla. Atakayemuumiza mwenzake kwa jambo la salamu atasimamishwa kazi bila mshahara.

Siku moja kabla ya sikukuu, Mama Chai akanaswa. Ni Mwislamu, mjane, na birika analotupikia chai ofisini ndilo linalosomesha wajukuu wake wanne. Alikuwa amepita mlango kwa mlango akisema, "Heri ya Krismasi, wanangu!" Hakuwa na fomu hata moja.

Kamati ikaketi mchana uleule. Kumsimamisha kulikuwa rahisi. Ilibaki tu kumpata aliyeumia.

Mhasibu, ambaye ni Mkristo, akaitwa kwanza.

"Uliumia wapi?" Mkurugenzi akamuuliza.

"Sikuumia, mkuu. Nilifurahi."

"Furaha si jibu. Fikiria vizuri."

Mhasibu akafikiria, akasema labda ulimi, maana chai ilikuwa ya moto.

Akaja mtunza ghala, Mwislamu.

"Mwislamu mwenzako anakupa heri ya Krismasi, na wewe hukushtuka?"

"Nilishtuka, mkuu. Mwaka jana nilimuwahi mimi kumwambia."

Mlinzi, ambaye akiulizwa dini hujibu "zamu", alisema yeye heri haikatai, ije na jina lolote.

Saa kumi ikafika hatujapata majeruhi. Mkurugenzi akagonga meza, akamgeukia Mama Chai.

"Mama, waraka unaujua?"

"Naujua, baba. Nilisomewa na mpiga chapa."

"Sasa mbona umewaamkia watu wote?"

"Si wote. Wewe sikukuamkia."



"Ndiyo!" Mkurugenzi akafoka. "Na hilo nalo! Umeingia kwangu, umeweka kikombe, umetoka kimya kama uko msibani! Halafu nakusikia chumba cha pili: heri, heri! Kwani mimi sina Krismasi? Mimi nimebatizwa!"

Akaanza kutafuta leso.

"Nisamehe, baba," Mama Chai akasema. "Waraka ulikuwa na sahihi moja, ya kwako. Nikasema, huyu mwanangu hataki kuamkiwa, tumheshimu. Hawa wengine hawajaandika barua yoyote."

Tukamshukuru Mungu, kila mjumbe kwa imani yake, kwamba hatimaye tulikuwa na mtu aliyeumia. Nikajaza fomu. Aliyeumia: Mkurugenzi. Chanzo cha maumivu: waraka. Mwandishi wa waraka: Mkurugenzi. Tukapiga kura. Hakuna aliyepinga, na mhasibu alinyoosha mikono miwili, nikahesabu mmoja. Mama Chai akaambiwa arudi kwenye birika lake.

Barua ya kusimamishwa kazi, kwa kanuni zetu, huandikwa na Mkurugenzi peke yake. Akaiandika, akaitia sahihi, akaigonga muhuri, akajikabidhi. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo kama anaweza kukata rufaa.

Nikamjibu kwa heshima zote kwamba anaweza, na fomu zipo. Ila rufaa zote hupokelewa na Mkurugenzi, na Mkurugenzi, kwa bahati mbaya, amesimamishwa.