Mama Yake Permelia Nimempata Mimi

Jumatatu, 6 Oktoba 2025. Manassas

Leo vita vimeanza. Shosho Loretta, ajuza wa miaka tisini na mmoja ninayemhudumia usiku, anataka kujua Permelia alizaliwa na nani. Permelia ni mama ya nyanya yake, mke wa mkulima mashambani hapa Virginia, miaka ya 1860. Ukurasa wa Biblia uliokuwa na jina la mama yake uliraruka zamani. Jumamosi ukoo wote unakuja kula, na Shosho ametangaza: kati yangu na Christophe, atakayeleta jina hilo atachagua shifti anayotaka.

Shifti! Christophe, Mkongomani wa Bukavu, ndiye wa mchana. Mke wangu Jeptoo naye ni nesi wa mchana. Miaka miwili sasa tunaonana mlangoni, yeye akitoka, mimi nikiingia kulala. Nimeoa kivuli! Nautaka mchana, na nitaupata kwa njia yoyote.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimemaliza. Dakika kumi tu! Hawa Wamarekani wanahangaika bure na makaratasi. Kwetu Nyeri binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba, wa pili la mama ya mama. Permelia alizaa Lucinda, kisha Keziah. Basi mama yake ni Keziah. Hesabu ya darasa la tatu.

Jeptoo, mkono uko kwenye kitasa, ameniuliza ni nani aliyewafundisha wazungu mila za Wakikuyu. Kwani yeye anajua nini? Mkalenjin! Aliitwa Jeptoo kwa sababu siku aliyozaliwa nyumbani kwao kulikuwa na wageni. Sikubishana naye. Alikuwa anachelewa kazini.

Jumatano, 8 Oktoba

Christophe ameomba siku mbili za mapumziko ili atafute. Ana daftari. Ana kalamu za rangi tatu! Nikampigia, kwa upendo kabisa, nikamwambia nimesikia makaburi ya akina Permelia yako mji wa Herndon, nyuma ya yale majengo ya watu wa kompyuta. Akanishukuru mara nne.

Jioni akapita kwetu. Amezunguka kwa saa tatu, amekuta maegesho ya magari tu. Lakini aliona mama mmoja wa kwao akiuza mandazi, akaniletea. Nimekula sita. Dhamira ilinisuta mpaka la nne.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mti wa ukoo uko tayari. Nimeuchapisha, ukubwa wa mlango. Juu kabisa, kwa herufi za dhahabu: KEZIAH. Nimempa na picha, bibi fulani wa zamani mwenye kofia niliyemtoa mtandaoni. Pua ni ya Shosho kabisa.

Jana Christophe alienda mahakama ya kaunti, na tangu arudi hasemi kitu. Jeptoo anasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi nasema aliyeshindwa hunyamaza.

Jumamosi, 11 Oktoba

Siwezi kuandika. Naandika.

Watu ishirini na watatu. Ethan, mwana wa Shosho, ndiye anayetupangia shifti, akafungua kwa maombi. Nikafunua mti. Makofi! Shangazi mmoja alitoa machozi mbele ya picha, akaibusu. Halafu akasimama Christophe, akaomba radhi, akatoa nakala ya hati ya mirathi ya baba yake Permelia, aliyoipata mahakamani. Mke: Sarah. Binti: Permelia. Mifugo: ng'ombe wawili, na farasi jike mmoja mzee kwa jina Keziah.

Mungu wangu. Nimewapa watu ishirini na watatu farasi awe nyanya yao! Inaonekana Permelia alimpenda mnyama huyo hata akamwita binti yake jina lake. Shosho alicheka mpaka tukampa maji. Ethan hakucheka. Shangazi alienda kunawa mdomo.

Christophe akaulizwa anachagua shifti gani. Akasema usiku. Usiku wangu! Baadaye akanivuta kando.

"Ndugu, miye nataka usiku, nipeleke batoto ku masomo asubui. Weye kamata mchana."

Jumatatu, 13 Oktoba

Sijapata usingizi siku mbili. Ni nani anayechagua usiku kwa hiari yake? Hakuna! Basi kuna kitu katika nyumba ile usiku, na mimi mjinga nimekikalia miaka miwili bila kujua.

Nimeenda kwa Ethan. Nimemwambia usiku ni wangu na sitoki. Nimepigania haki yangu saa nzima. Mwishowe Christophe mwenyewe, aliyeitwa na Ethan, ameniachia, kwa huzuni ambayo haikunidanganya hata kidogo. Nimeshinda! Nimempigia Jeptoo kazini nimpe habari njema. Amekata simu.

Sasa lazima nijue huyu Christophe ni mtu wa ukoo gani hasa. Binti yake wa pili anaitwa Jaël. Basi mama mkwe wake ni Jaël. Nimeanzia hapo.