Jiwe Jeusi la Madamu

Jumatatu, 3 Juni

Mawe yanakuja! Madamu, kiongozi wa kundi letu, ametangaza leo saa kumi sebuleni kwake, mbele ya wauzaji wote saba wa vyombo vya jikoni. Vyombo vya jiwe vya kuokea vimethibitishwa! Vipande vitatu: trei bapa, bakuli la mkate na sahani ya pai. Si jiwe la mtoni. Ni udongo uliochomwa mpaka ukakata tamaa na kuwa jiwe. Picha iko ukurasa wa mwisho wa katalogi mpya. Tumeipokezana kama picha ya mtoto mchanga. Mwenzetu mmoja ameibusu.

Miezi minane tumezunguka majumbani kwa watu tukiuza vifuniko na vikamulio vya ndimu, huku tukiisubiri siku hii.

Habari kubwa zaidi: kampuni itatuletea boksi moja tu kabla ya mauzo kuanza. Litafunguliwa Jumamosi huko huko kwa Madamu, mbele ya wageni tutakaowaalika waje kuona na kuagiza. Atakayelifungua ndiye atakuwa msemaji wa mawe wa kundi letu kwa mwaka mzima. Na atakayelifungua ni yule atakayeleta wageni wengi.

Ni mimi. Hilo nimeshaliamua. Nimekuwa mtunza stoo wa hospitali miaka ishirini na saba. Nimefungua maboksi kuliko binadamu yeyote ninayemfahamu. Kufungua boksi ni kipaji.

Shemeji akacheka. Huyu ni mdogo wa mke wangu, ndiye aliyeniingiza katika kazi hii nilipostaafu, na kila Jumatatu hunikumbusha. Akawauliza wenzetu kama wanajua nilivyowahi kufungua boksi la mashuka ya wodi nikayakata yote katikati. Uchochezi mtupu. Ilikuwa mara moja tu, na mashuka yenyewe yalishonwa.

Kisha Madamu akaeleza masharti ya wageni na utunzaji wa mawe, nusu saa nzima. Sikusikiliza sana. Nilikuwa natunga hotuba ya kufungulia boksi. Inaanza hivi: "Mabibi na mabwana, wakati umefika." Sijui bado wakati wa nini, lakini mwanzo una uzito.

Jumanne, 4 Juni

Wageni kumi na wanne kabla ya saa sita mchana! Shemeji aende akalale.

Siri yangu: nimekwenda uwanjani kwenye mazoezi ya timu yetu ya wakongwe, ambayo mimi ni kipa wake wa akiba, nikawaambia Jumamosi kutakuwa na biskuti za bure. Hakuna aliyeuliza kwa sababu gani. Mshambuliaji wetu aliuliza tu kama anaruhusiwa kuja na kaka yake.

Saa tisa nikaipeleka orodha kwa Madamu. Akaisoma, akavua miwani, akauliza kwa upole ni wangapi kati yao wana oveni. Eti mgeni asiye na oveni hahesabiwi! Nikasema sharti hilo ni jipya. Akasema alilitaja jana mara tatu. Itakuwa ni wakati ule nilipokuwa kwenye aya ya pili.

Nimezunguka nyumba kwa nyumba kukagua oveni mpaka viatu vikaniuma. Mwenye oveni ni beki wa kulia peke yake. Nimeifungua: sufuria tano, pasi mbovu, na vyeti vyake vyote vya shule ndani ya mfuko wa nailoni. Mkewe akanionya kwamba ile haijawahi kuwashwa tangu inunuliwe, na nisije nikamtia mume wake wazimu wa kuiwasha. Nimemhesabu hivyo hivyo. Oveni ni oveni.

Mgeni mmoja, basi. Shemeji ana kumi na tisa. Amewapata wote kwa simu, akiwa amekaa kitako saluni anasukwa nywele.

Alhamisi, 6 Juni

Hesabu imefungwa. Shemeji: ishirini na wawili. Mimi: wawili. Wa pili ni mke wangu.

Shemeji ameniambia asiyekubali kushindwa si mshindani. Nimemjibu kwamba methali hiyo ilitungwa na washindi. Nilikuwa na uchungu, nakiri. Nilishaifanyia mazoezi hotuba mbele ya kabati.

Lakini Mungu si Athumani! Madamu aliuona uso wangu, akanivuta pembeni. Akasema ana kazi ya mtu mmoja wa kuaminika. Yeye ana jiwe lake la kuokea, alirithi kwa mama yake, limetumika miaka mingi kuliko umri wa biashara yetu. Anataka liwekwe mezani kando ya jipya, wageni waone. Nilichukue leo, Jumamosi asubuhi nioke biskuti juu yake, nije nalo likiwa limefunikwa. Akanipakatisha. Limeviringishwa kwenye shuka mbili. Akaniambia nilishike kama yai. Nikamwambia hospitali nzima iliniachia funguo.

Nimelifungua nyumbani. Ole wangu! Jeusi. Jeusi tii! Doa juu ya doa, mafuta juu ya mafuta. Mwanamke msafi vile, ambaye hata pipa lake la taka linang'aa!

Nikakaa nikatafakari. Ndipo nikaelewa. Masikini, ana aibu. Hawezi kulisugua tena kwa sababu ya mgongo, na hawezi kuniomba waziwazi. Kwa hiyo akatafuta mtu mwenye akili, akamwachia akili yake ifanye kazi.

Nitalifanya jipya. Na likishakuwa jipya kuliko jipya, nani atalitazama boksi la Shemeji?

Ijumaa, 7 Juni

Siku ya kazi ya kiume. Nimeanza saa mbili asubuhi.

Raundi ya kwanza: maji ya moto na sabuni ya maji yenye harufu ya limau. Jiwe halikushtuka. Raundi ya pili: dodoki la chuma. Dalili njema kwenye kona moja. Raundi ya tatu: nimelilaza kwenye beseni, nikamimina chupa nzima ya sabuni, nikaliacha mpaka alasiri. Jambo la ajabu, maji yalikuwa yanapungua. Nikadhani beseni linavuja. Sakafu kavu. Nikaongeza maji na nusu chupa nyingine.

Raundi ya nne: brashi ya waya, magoti chini, jasho hadi kwenye soksi. Na hapo ndipo jiwe liliposalimu amri. Weusi ukatoka tabaka kwa tabaka, chini yake rangi ya maziwa ya chai. Saa kumi na moja lilikuwa limetakata pande zote. Nikalianika dirishani. Nikaita jirani aje kuona. Akasema ni jiwe zuri.

Mke wangu akarudi kutoka zamu. Ni muuguzi, hapendi maneno mengi. Akasimama mlangoni na mkoba wake begani. Akauliza kama lile ndilo jiwe la Madamu. Nikasema ndilo, kwa fahari. Akauliza kama Madamu ameniomba nilisugue. Nikamwambia wema hauombwi. Akanitazama anavyowatazama wagonjwa wanaosema wamepona, akasema kuuliza si ujinga, akaenda kuoga.

Wivu wa kifamilia. Shemeji ni damu yake, atafanyaje.

Jumamosi, 8 Juni

Niandike kwa utaratibu, maana kicheko bado kinanirudia.

Asubuhi nimeoka biskuti arobaini juu ya jiwe. Zilinukia limau. Nikafurahi sana, kwa sababu sikuweka limau.

Saa nane tukawa kwa Madamu. Wageni thelathini na mmoja. Viti havikutosha, wengine walikalia mkono wa sofa. Wakongwe wangu nao walikuja wote na kukaa mstari mmoja karibu na mlango wa jikoni, kama wanasubiri kona. Boksi lilikuwa mezani na utepe mwekundu. Shemeji kando yake, gauni jipya. Mimi upande wa pili na jiwe langu chini ya kitambaa.

Madamu akaanza. Akasema jiwe la kuokea ni chombo pekee kinachozidi kuwa kizuri kadiri kinavyozeeka. Kila mkate unakiachia mafuta kidogo, kinazidi kuwa cheusi, na weusi huo ndio utamu wake na ndio unaozuia vitu visigande. Akasema halioshwi kwa sabuni maishani, maana linainywa. Maji ya moto tu na kikwangulio cha mti. Akasema huu weusi mtakaouona umeanzishwa na marehemu mama yake, mkate baada ya mkate. Akasema kuna doa moja pembeni la keki ya siku mtoto wake wa kwanza alipoanza kutembea.

Nilikuwa nalikumbuka doa hilo. Lilinisumbua sana.

Akanigeukia, akasema nifunue.

Nikafunua. Ningefanyaje?

Madamu akaweka mkono mdomoni. Machozi yakamtoka. Kuna mzee mmoja, mwalimu mkuu mstaafu, hakuwa ameelewa, akapiga makofi peke yake. Nilitamani sakafu ipasuke. Nasema kweli, nilijisikia vibaya kuliko siku ya mashuka. Nikamwambia Madamu kwamba nilitaka kumfichia aibu. Nilipolisikia neno hilo likitoka kinywani mwangu nilijua ni bora ningenyamaza.

Wakati huo wakongwe walikuwa wameshazifikia biskuti. Hakuna wa kuwazuia wale. Mshambuliaji akatafuna, akaacha kutafuna. Beki akaomba maji, akanywa, na povu likamtoka pembeni mwa mdomo! Yule mwalimu mkuu akala yake mpaka mwisho, kwa adabu, akajifuta, akatangaza kwamba katika maisha yake hajawahi kula biskuti na kubaki na meno safi namna hii.

Shemeji akaanguka kwenye sofa kwa kucheka. Nyumba nzima ikafuata. Nikamtazama Madamu. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nikadhani ni kilio. Kumbe ni kicheko! Alicheka mpaka akashikiliwa na watu wawili, akisema mama yake angelikuwepo angemchapa, halafu angecheka hivi hivi.

Na hapo, lazima niandike, Shemeji alifanya jambo. Akainuka, akafuta macho, akachukua biskuti moja akaiinua juu. Akawaambia wageni kwamba wamejionea wenyewe. Kwamba kila muuzaji huwaambia watu wasitie sabuni, na hakuna anayesikia. Sasa nani hapa atasahau? Akasema onyesho hili limeandaliwa mahsusi na shemeji yake, mtaalamu, ambaye amejitolea kuwa mfano mbaya kwa faida ya wote.

Makofi! Safari hii ya watu wote. Wageni wakaanza kugombania fomu za oda. Ishirini na sita wameagiza papo hapo, na beki wa kulia ni mmojawapo. Mkewe kanikazia macho mpaka mwisho.

Kisha Shemeji akanipa mkasi, akasema boksi tulifungue wote. Yeye angekata utepe upande wake, mimi wangu. Nikasahau hotuba. Nilisema tu ahsante, shemeji yangu. Mawe yalikuwa mazima, meupe, mazuri ajabu. Nilikata boksi tu. Na katalogi kidogo.

Madamu hakuniachia bure. Ametoa hukumu mbele ya watu: jiwe la mama yake nirudi nalo nyumbani, na nioke juu yake kila siku mpaka liwe jeusi kama lilivyokuwa. Siku nitakayolirudisha jeusi, boksi litakalofuata nitalifungua mimi peke yangu, na hotuba yote nitaisoma. Nikauliza inachukua muda gani. Akasema kwa mwenye bidii, miaka miwili.

Jumapili, 9 Juni

Nyumba ina raha leo. Nimelichemshia jiwe maji matupu mara sita, nikaoka mkate wangu wa kwanza. Umeganda, ukatoka vipande viwili. Lakini hauna povu! Mke wangu ameula na chai, akaongeza. Shemeji akapita kunitania, akala kipande kilichobaki, akasema kinalika. Tumecheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini, naye akakuta makombo tu.

Nimejifunza. Niandike wazi hapa ili nikumbuke: kuuliza si ujinga, na mali ya mtu haiguswi bila ruhusa. Mke wangu alikuwa sahihi. Mimi ni mtu mwingine kabisa.

Baada ya chai nimelikagua jiwe juani. Jeupe bado. Mkate mmoja umeacha kivuli hafifu, unahitaji imani kukiona. Miaka miwili! Wakati boksi linalofuata, nasikia, ni la mwezi wa kumi.

Subira yavuta heri. Nakubali. Nikakaa barazani nisubiri, nikachukua viatu vya kazini vya mke wangu nivipige rangi, maana kesho ana zamu ya asubuhi. Viatu vya kahawia vile, vimekwaruzika. Dakika tano tu, vyeusi tii, vinang'aa mpaka nikajiona meno.

Nikavitazama viatu. Nikalitazama jiwe.

Nimejaribu kwenye kona moja tu, kwa kitambaa laini. Imekubali vizuri mno! Hata lile doa la keki nimelirudisha, takriban mahali pake. Kesho duka likifunguliwa nanunua makopo manne ya rangi ya viatu. Madamu atalia tena, na safari hii nitajua ni kwa furaha. Kumuuliza kwanza kungeharibu utamu wote.